Meneja wa Mwimbaji na Ajifunze Kwanza Kuandika

Siku hizi hapa Pwani kila kijana mwenye simu nzuri na rafiki mwenye sauti nzuri hujiita meneja. Ukimuuliza umeneja wake ni upi, atakwambia kuwa yeye ndiye amtafutiaye mwenzake shughuli za harusi, ndiye atiaye picha zake mtandaoni, na ndiye ajuanaye na watangazaji wa redio. Sikatai, hizo ni kazi, tena zina taabu zake. Lakini mimi naona kuwa kijana huyo amejifunza nusu ya kazi tu, nayo ni ile nusu nyepesi. Nusu nzito ni ya karatasi, na karatasi hatuzipendi.

Najua wako wasomaji wasiotaka hata kusikia habari za ala za muziki. Hoja zao ni za zamani, na masheikh wetu wamezijadili karne nyingi. Mimi si mtu wa kutoa fatwa gazetini. Ninalolizungumza hapa ni jasho la mtu na amana aliyopewa mwengine, na katika hilo sijasikia hitilafu.

Tatizo letu lina asili yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurikodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Tangu wakati huo sauti za watu wetu zimekuwa zikiuzwa kwa sahani za santuri, kisha kanda, kisha sidii, na leo kwa simu. Lakini mwimbaji wa Pwani aghalabu hakuishi kwa sahani. Aliishi kwa harusi. Alilipwa usiku ule ule, akatuzwa na kina mama mbele ya macho yake, akaenda zake. Pale pale ukumbini palikuwa na teprekoda, na kanda iliyotoka hapo ikanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, hata ikafika Lamu, Unguja na Ghuba mikononi mwa jamaa zetu. Mwimbaji alijiona amekwisha kulipwa, na mwenye kunakili alijiona hakuiba kitu. Sote tulifurahi, na daftari halikuwapo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui mali gani iliyopotea kimya kimya kuliko hii.

Basi mtu anayetaka kumsimamia mwimbaji na aanze kwa kujua kwamba wimbo mmoja una wenyewe wengi. Yuko aliyetunga shairi, yuko aliyetunga sauti yake, yuko aliyeimba, wako waliopiga ala, na yuko aliyegharimia kurikodi. Chukua mfano wa marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Nyingi katika nyimbo zake ni mashairi ya ndugu yake Ahmad Nassir, ambaye naye alifariki mwaka 2019. Zein l'Abdin naye aliimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany. Kwa hiyo katika nyimbo kama hizo pana haki ya malenga na haki ya mwimbaji, na meneja anayekwenda kuziuza kama kwamba ni mali ya mwimbaji peke yake anauza na cha mwenzake.

Kisha iko habari ya sauti za kihindi, ambayo hatupendi kuitaja. Taarabu ya Mombasa imekopa sauti za filamu za Bombay miaka na miaka, na wasikilizaji wetu wamezipenda. Mimi mwenyewe nazipenda. Zilipokuwa zikiimbwa harusini hapana aliyeuliza. Lakini leo wimbo ukitiwa YouTube, mwenye haki ya sauti ile anaweza kuudai, na mapato yakaenda kwake au wimbo ukaondolewa. Kijana hushangaa, akadhani amehusudiwa. Hakuhusudiwa, hakuuliza tu sauti ni ya nani kabla ya kuingia studio.

Tazameni na wimbo wa Malaika. Umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M. mwaka 1981, na Angélique Kidjo mwaka 1991. Hata hivyo hadi leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga: Fadhili William wa Kenya, ambaye rekodi yake ilivuma, au Adam Salim wa Tanzania. Simo katika kuamua ugomvi huo. Nasema tu kwamba ukurasa mmoja wenye tarehe na sahihi, ulioandikwa wakati wimbo ulipotungwa, ungalitosha kuukata.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 si ngumu kama inavyodhaniwa. Kazi hulindwa tangu itiwe katika maandishi au rekodi, hata kabla haijaandikishwa. Kuiandikisha kwenye bodi ya hakimiliki ni kwa ajili ya ushahidi. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 tangu iliporikodiwa. Na tena, kumhamishia mtu hakimiliki hakushiki ila kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Mwaka 2022 Bunge likaongeza kwamba katika mapato ya miito ya simu, fungu la mwenye haki lisiwe chini ya asilimia 52. Meneja asiyejua hata hili la miito atadai nini, na kwa nani?

Sasa tuje kwenye mapatano ya meneja na mwimbaji. Kwetu jambo hili lina jina lake tangu zamani: uwakala. Wakala ni mwenye amana. Hatendi ila alilopewa idhini kulitenda, wala hajiuzii mwenyewe kwa siri. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Twaisoma, twaihifadhi, kisha twakutana mkahawani tukapeana mikono kwa kazi ya miaka mitano, ati kwa sababu sisi ni ndugu! Undugu ndio hasa unaotaka karatasi, maana mgeni mkikosana mtaachana, lakini binamu mtakutana naye kila Idi.

Na katika karatasi hiyo neno moja hutia watu hasarani. Huko Ulaya na Marekani meneja aghalabu huchukua asilimia 15 hadi 20. Vijana wetu wameisikia hesabu hiyo wakaishika, lakini hawaulizi: asilimia 20 ya nini? Tuseme harusi imelipa shilingi 60,000. Wapigaji, usafiri na vyombo vimekula 45,000. Meneja akichukua asilimia 20 ya fedha zote, atapata 12,000, na mwimbaji aliyekesha akiimba atabakiwa na 3,000. Akichukua asilimia 20 ya kilichobaki, yeye atapata 3,000 na mwimbaji 12,000. Kiasi ni kile kile, asilimia ni ile ile, tofauti ni neno moja lililoandikwa au lisiloandikwa. Namjua mwimbaji wa hapa mjini, jina lake nitalisitiri, aliyeimba mwaka mzima kwa hesabu ile ya kwanza akidhani bahati yake ndiyo mbaya.

Kadhalika fedha za studio. Je, meneja akitoa ni mkopo, au ni mtaji wake katika biashara? Kama ni mtaji kwa njia ya mudharaba, faida hugawanywa kwa kadiri ya mapatano na hasara ya fedha ni ya mwenye mtaji, maadamu mwenzake hakufanya uzembe. Kama ni mkopo, utalipwa, lakini bila nyongeza. Mambo haya yaamuliwe kabla ya kipaza sauti kuwashwa.

Kwa waimbaji wanawake liko jambo zaidi. Wengi huimba katika shughuli za wanawake watupu, nao hukubali kwa sharti hilo. Simu zimevunja sharti hilo. Meneja anayeifahamu kazi yake huandikiana na wenye harusi kwamba hapana kupiga picha, huweka mtu mlangoni, na akiona picha imetolewa hudai iondolewe siku hiyo hiyo. Meneja anayefurahi kwamba picha imetazamwa na watu wengi amekwisha kumuuza mtu wake.

La mwisho ni mirathi. Mwaka 1988, katika kikao cha Kuwait, Chuo cha Fiqhi ya Kiislamu cha kimataifa kilipitisha kuwa haki za watungaji ni mali inayolindwa na sharia. Ikiwa ni mali, basi hurithiwa, na mahakama zetu za Kadhi husikiliza mirathi ya Waislamu. Lakini nimeuliza jamaa za waimbaji wawili waliokwisha kufariki. Nilitajiwa nyumba, viungo vya shamba, hata cherehani. Hapana aliyetaja nyimbo, ingawa bado zapigwa na bado zatia watu fedha mifukoni.

Kijana anayetaka kuisoma kazi hii na aanze na wazee walio hai. Achukue daftari, awaendee majumbani baada ya alasiri, aandike kila wimbo: nani alitunga shairi, sauti ilitoka wapi, nani alipiga udi na nani dumbaki, ulirikodiwa mwaka gani na kwa fedha za nani. Kisha awaombe watie sahihi zao mbele ya mashahidi wawili, na nakala moja iachwe kwa watoto wao.