Pemba si jaa la mota za kuungua

Vijana wenzangu, kila bajeti inaposomwa kule Chukwani tunahesabiwa visima, matangi na kilomita za bomba. Sawa. Mimi leo nataka tuulize kitu kimoja ambacho hakina utepe wa kukata wala jiwe la msingi: mota. Ile mota inayoyasukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi hadi bombani kwako Micheweni au Mkoani. Nani aliinunua? Aliuliza nini kabla hajalipa? Inakula uniti ngapi kwa kazi inayofanya?

Mtasema hili ni suala la mafundi, siasa iko wapi. Siasa iko hapo hapo. Hapa kwetu maji ni umeme. Hatuna mlima mrefu wa kutuletea mto bombani. Maji yako chini ya ardhi na lazima yavutwe. Mota ikiungua mtaa mzima unabeba ndoo, na wanaobeba ndoo tunawajua: mama zetu na dada zetu, na watoto kabla hawajaenda skuli. Kwa hiyo anayenunua mota mbovu kwa fedha ya umma amepitisha uamuzi wa kisiasa, hata kama kauandika kwenye karatasi ya zabuni.

Tuanze na kilichomo ndani. Ndani ya mota na ndani ya jenereta mna kitu kimoja cha thamani, nacho ni waya wa shaba uliosukwa kuwa koili. Umeme ukipita kwenye waya, sehemu yake hupotea kuwa joto. Waya ukiwa wa shaba ya kutosha, joto ni dogo na kazi ni kubwa. Waya ukibanwa ukawa mwembamba, au shaba ikatolewa ikawekwa alumini ya unene ule ule, mota inachemka. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Huu si uongo wa mtaani, ni fizikia ya skuli. Ndiyo maana mota yenye ufanisi mkubwa kwa kawaida huwa na shaba nyingi zaidi ndani yake na chuma bora zaidi, na ndiyo maana bei yake dukani iko juu kidogo.

Dunia imeshalielewa hili. Ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2011 ilieleza kwamba mifumo ya mota inatumia karibu asilimia 45 ya umeme wote duniani. Mota, si taa wala simu! Mwaka 2008 viwango vya kimataifa vya IEC vikazipanga mota kwa madaraja: IE1 ya chini, IE2, IE3, baadaye IE4. Ulaya tangu Julai 2021 mota nyingi za kuanzia kilowati 0.75 hadi 1,000 haziruhusiwi kuingizwa sokoni kama hazijafika IE3. Julai 2023 wakapandisha tena, baadhi ya mota kubwa lazima ziwe IE4.

Sasa jiulize, mota ambayo haiuziki kule inatafuta soko wapi? Inatafuta nchi ambayo haiulizi. Na sisi tusipouliza, tunajipendekeza wenyewe kuwa jaa.

Tupige hesabu, maana watawala wetu wanapenda kusema upinzani ni kelele bila tarakimu. Chukua mota ya kawaida ya kilowati 7.5, nguvu ya farasi 10, ya kusukuma maji kutoka tangi la chini kwenda la juu. (Mota za kuzama ndani ya kisima zina vipimo vyake, lakini hoja ni ile ile.) Kwa viwango vya IEC, mota hiyo ya IE1 ina ufanisi wa asilimia 86. Ya IE3 ni asilimia 90.4. Tofauti inaonekana ndogo, si ndiyo? Iwashe saa 20 kwa siku, mwaka mzima. Ile ya IE1 itakula takriban uniti 3,100 zaidi, kwa maji yale yale. Mota moja tu, mwaka mmoja tu. Kwa miaka 10 ni uniti 31,000 zilizogeuka joto la kupasha ukuta wa kibanda cha pampu. Chukua bei ya uniti unayolipa wewe kwenye Tukuza, zidisha, kisha niambie ni mota ngapi nzuri zingenunuliwa kwa fedha hiyo.

Huo ndio wizi usio na mwizi. Afisa anafungua bahasha za zabuni, anatafuta bei ya chini, anamaliza kazi yake, anasifiwa kwa kubana matumizi. Bili inakuja kidogo kidogo kwa miaka 10 na anayeilipa ni mwananchi. Kwa mota inayofanya kazi mchana na usiku, bei ya kununulia ni sehemu ndogo sana ya gharama. Gharama yenyewe ni umeme. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na upishi wenyewe ndio huu wa maji yetu.

Na umeme wenyewe tunaupata vipi? Pemba tulikaa miaka na jenereta za dizeli pale Wesha. Mwaka 2010 ndipo waya wa chini ya bahari wa kilovolti 33 kutoka Tanga ulipotufikia, kwa msaada mkubwa wa Norway. Lilikuwa jambo jema na tulishukuru. Lakini waya una kikomo chake, hauongezeki unene kwa sababu kampeni zimeanza. Kila uniti inayopotea kwenye mota mbovu ni uniti ambayo haikufika kwenye friji ya muuza samaki wala kwenye cherehani ya fundi wa Wete. Na kila uniti tuliyookoa tumeipata bila kuzamisha waya mwingine na bila kununua lita moja ya dizeli.

Kuna na ubaya wa pili. Volti zikishuka, mota yenye mzigo ule ule hailegezi, huvuta mkondo mkubwa zaidi ili imalize kazi. Joto linapanda, varnishi ya waya inaungua, koili zinagusana, moshi. Fezi moja ikikatika na hakuna kifaa cha kuizima mota, ndiyo kwaheri. Kifaa hicho cha kinga ni cha bei ndogo ukilinganisha na mota yenyewe. Mota ya waya mwembamba haina uvumilivu wa misukosuko hiyo, inaungua mwanzo. Halafu inapelekwa kwa fundi kusukwa upya.

Simlaumu fundi. Mafundi wetu wa kusuka mota ni watu wa akili sana, wameibeba Pemba mabegani. Lakini fundi asiye na oveni ya kudhibiti joto atazichoma koili kwa moto ili azitoe, na moto mkali unaharibu bati za chuma zilizomo ndani. Mota inarudi inazunguka, ila inakula umeme kuliko ilipotoka dukani. Serikali inayosema inapenda ajira za vijana ingewapa watu hawa mafunzo, oveni, na waya wa shaba uliopimwa.

Maana hata huo waya sasa ni mtihani. Nyumbani kwetu tuliuziwa pampu ndogo ya kisima, muuzaji akaapa kwamba ndani ni shaba tupu. Haikumaliza mwaka. Fundi akaifungua, koili zina rangi ya shaba kabisa, zinang'aa. Akakwangua kwa kisu: nyeupe. Alumini iliyopakwa varnishi ya rangi. Mama yangu aliiangalia akasema, "Kumbe hata waya unavaa baibui." Tulicheka, lakini fedha ilikuwa ya karafuu za msimu mzima. Mkulima ana kisu, hana maabara. Maabara ni kazi ya dola. Taasisi ya Viwango Zanzibar ipewe vifaa na amri ya kupima mota na waya zinazoshuka bandarini, na matokeo yabandikwe hadharani.

Na tusisahau kichekesho kikubwa. Wazalishaji wakubwa wa shaba Afrika ni Kongo na Zambia, majirani zetu. Shaba yao inapita bandari ya Dar es Salaam, na ya Zambia imepita kwa reli ya TAZARA tangu miaka ya 1970. Inakwenda mbali, inasukwa, inarudi kwetu kama mota, na sisi tunanunua ile iliyonyimwa shaba. Mei 2024 tani moja sokoni London ilivuka dola 10,000, kwa sababu kila nchi inataka magari ya umeme na mitambo ya upepo, vitu vyote vya shaba. Shaba ikipanda, kishawishi cha kuipunguza ndani ya mota za bei chee kinapanda nayo. Asiyeuliza leo ataumizwa zaidi kesho.

Wanatuimbia uchumi wa buluu. Haya, samaki anataka barafu, barafu inataka kompresa, kompresa ni mota. Mwani ukaushwe usagwe, kinu ni mota. Hakuna uchumi wa buluu juu ya koili zilizoungua.

Tunachodai ni mambo matatu. Kwanza, kila zabuni ya umma ya mota, pampu na jenereta itaje kiwango cha ufanisi, na mshindi apatikane kwa gharama ya miaka 10, si kwa bei ya siku moja. Pili, kila pampu ya maji ya umma iwekewe kinga ya volti na fezi. Tatu, taasisi zote za umma zitoe orodha ya mota zao: daraja, mwaka wa kununuliwa, mara ngapi imeungua.

Na nyinyi msingoje. Kila mota ina kibati chake ubavuni. Nenda kwenye pampu ya shehia yako, omba ruhusa kwa anayeiangalia, piga picha kibati. Tafuta herufi IE na namba inayofuata. Ukikuta 1, au ukikuta hakuna kitu, mpelekee picha hiyo mwakilishi wako, muulize mbele ya watu kwa nini. Kisha mkumbushe kwamba mwakani utarudi kupiga picha nyingine.