Msitundike ufunguo mlangoni

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuseme ukweli. Majina yetu, idadi ya watoto, alama za vidole, ugonjwa wa mama: vyote vinakaa kwenye hifadhidata. Halafu tunaambiwa eti usalama ni nywila tu. Hapana!

Chukueni PostgreSQL. Ndani ya seva yake mtu anaweza kuandika fankisheni kwa Perl au Python. PL/Perl ya kawaida imefungiwa, haigusi mafaili ya seva. PL/Python haina kizuizi hicho. Tangu toleo la 7.4, mwaka 2003, ipo ya aina moja tu, ile isiyoaminika. Ndiyo maana jina plpython3u linaishia na "u". Fankisheni yake inafanya chochote ambacho akaunti inayoendesha seva inaweza: kusoma mafaili, kutuma data nje. Kwa hiyo ni msimamizi mkuu peke yake anayeruhusiwa kuitengeneza.

Sasa kinga hiyo inasaidia nini kama programu ya kuandikisha watu inaingia kwa akaunti ya huyo msimamizi mkuu, eti ili kazi iende haraka? Kufuli mmeweka, ufunguo mmeutundika mlangoni.

Tunadai mambo matatu. Programu ipewe akaunti yenye ruhusa chache. Lugha isiyotumika iondolewe. Fankisheni inayoendeshwa kwa ruhusa za aliyeitengeneza ikaguliwe na mtu wa pili.

Na msituambie "hawa ni wakimbizi tu, nani atawaibia?" Aliyekimbia kwao, wapo wanaomtafuta.