Ua la Usambara Dirishani Kwako

Mama mwenzangu unayeishi ghorofani hapa Mchafukoge, usiseme huna bustani. Ukingo wa dirisha unatosha kwa ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni hapa kwetu. Wageni huliita violeti ya Kiafrika. Sisi tuliite ua la Usambara.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo hupandwa majumbani Ulaya na Marekani. Lakini huku kwao, kwenye miamba ya Usambara, baadhi ya aina zake zimebaki chache, maana miti inayoyapa maua hayo kivuli hukatwa. Kwa hiyo ukiuziwa mche uliong'olewa msituni, usinunue. Hakuna haja hiyo, kwani jani moja tu la ua lililopandwa nyumbani linatosha.

Omba jani lenye afya pamoja na kikonyo chake. Lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, ndani ya kopo lenye tundu chini. Uwe na subira: miche midogo huchomoza baada ya miezi miwili au mitatu.

Liweke penye mwanga, lakini jua la mchana lisilipige. Mwagilia udongo unapoanza kukauka, wala usiloweshe majani, yasije yakapata madoa. Maji mengi huozesha mizizi.

Sasa naongea kama muuguzi. Kile kisahani chini ya kopo kinaweza kuleta ugonjwa nyumbani. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga penye maji yaliyotuama karibu na watu, naye huuma mchana. Jiji letu lilipatwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mwaga maji ya kisahani baada ya nusu saa, na kila wiki kisugue kwa brashi, kwa sababu mayai hushika pembeni na huweza kukaa makavu kwa miezi. Mtoto akipata homa kali ya ghafla, na maumivu ya viungo na nyuma ya macho, usimpe aspirini wala diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpeleke kituo cha afya mapema.

Ua lako likistawi, mpe jirani jani moja, na umweleze pia habari ya kisahani.