Picha za Mchangani Zitunzwe

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akashangaa kuona safu hii leo imevuka bahari na kupanda milima hadi Kisiba, katika Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Kisiba si jina linalotajwa sana katika baraza zetu. Ni upande wa chini ya mji wa Tukuyu, katika wilaya ya chai na ndizi, ambako lipo lile ziwa dogo la duara lililojaa ndani ya shimo la volkeno, ambalo wengine huliita Kisiba na wengine Masoko. Tumekwenda mbali kwa makusudi. Kuna jambo linaloonekana wazi zaidi kule kuliko hapa, kwa kuwa kule limekwisha fika ukingoni.

Jambo lenyewe ni picha za mpira wa mchangani. Hatuzungumzii zile za wapiga picha wa magazeti, ambao hukaa nyuma ya goli pale Amaan au Gombani na vitambulisho shingoni. Tunazungumzia picha zinazopigwa na mwalimu, na fundi cherehani, na kijana wa bodaboda, ambaye Jumamosi jioni huenda kwenye uwanja wa shule ya msingi, kata moja ikimenyana na nyingine, akapiga picha kwa sababu anaupenda mchezo na mdogo wake anacheza winga ya kushoto. Halipwi na mtu. Akinyeshewa, amenyeshewa. Na huyo ndiye mwandishi pekee wa historia aliyefika uwanjani siku hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Rungwe ndiyo nyumbani kwa Tukuyu Stars, timu iliyojulikana kwa jina la Banyambala, ambayo mwaka 1986, ikiwa imetoka tu kupanda daraja, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Bara mbele ya Simba na Yanga. Wapenzi wa mpira wa umri wetu wanakumbuka mshangao uliotanda. Lakini timu ya namna hiyo haioti usiku mmoja kama uyoga. Chini yake pana viwanja vingi vya vijiji, vyenye magoli ya miti na mistari ya majivu, na pana miaka mingi ya vijana kupigana vikumbo kwenye matope. Mwaka wa ubingwa uliingia magazetini. Miaka iliyouzaa, kama ina picha, basi zimo katika masanduku ya bati, chini ya vitanda vya wazee, katika nchi ambayo mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule leo amekaribia 60 au ameipita. Akifariki, albamu hugawanywa pamoja na nguo za marehemu, na wajukuu hawajui waliomo ni akina nani.

Sasa tazama upande wa pili wa jambo hilo hilo. Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti Rungwe juu ya maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kuhusu vijiji vya marika, vile ambavyo vijana wa rika moja walivijenga na kuishi pamoja. Karatasi zao zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mtafiti anayetaka kuzisoma huonyeshwa. Hatuna ugomvi na wageni hao. Walifanya kazi yao na wakaitunza. Ila hatuwezi kuacha kusema kwamba timu ya mpira ya kijiji ni rika pia, lina kiongozi wake, nyimbo zake na maadui zake wa ng'ambo ya mto. Kijana wa mwaka 1936 ana jalada huko Cape Town. Mshambuliaji wa mwaka 1984 hana jalada popote, hata pale Tukuyu.

Na sisi wa visiwani tusicheke. Zanzibar ilianza mapema kuijua kamera. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kazi ya nyumba hiyo imetuachia sura za Mji Mkongwe na watu wake kwa vizazi. Lakini studio ni mahali pa kwenda umevaa vizuri. Mchezaji wa uwanja wa mtaani, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, hakwenda studio. Klabu ya Malindi ilichukua ubingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena mwaka 1992. Ni nani leo anayeweza kutuonyesha, akiwa na majina na tarehe, picha za mechi za mitaa na za vijiji vya shamba za miaka iliyotangulia, ambamo vipaji vya visiwa hivi vilikuwa vikipikwa? Hewa ya chumvi na mchwa vimekula sehemu kubwa ya jibu.

Zamani udhuru ulikuwapo. Mkanda ulikuwa wa picha 36, na mpiga picha wa kijijini aliuhesabu kama mtu anavyohesabu risasi. Kumi zilikwenda kwa mgeni rasmi akikagua timu, nyingine kwa timu zilizojipanga, nyingine kwa kombe. Mchezo wenyewe ukabakiwa na chache. (Desturi hii ya mgeni rasmi kupigwa picha nyingi kuliko mfunga bao haijafa, na waheshimiwa wanaotusoma wanaweza kusaidia ife.) Mkanda ulipelekwa mjini kusafishwa, picha zikarudi baada ya wiki, wachezaji wakanunua moja moja, na mkanda wenyewe ukatupwa.

Leo udhuru huo haupo. Simu ya mkononi hupiga picha mia tatu kabla ya mapumziko. Hata hivyo, tunaogopa kwamba kizazi hiki chenye picha nyingi kitaacha chache kuliko kile cha mkanda. Simu huibwa, huanguka majini, hujaa, na mwenyewe hufuta za mwaka jana apate nafasi. Zinazotumwa kutoka simu hadi simu huchujuka kila zinapohama. Baya zaidi, hazina maneno. Picha ya zamani iliandikwa nyuma kwa kalamu: uwanja fulani, tarehe fulani, aliyepiga magoti ni fulani. Picha ya simu inajua saa iliyopigwa, lakini haijui jina la mtu hata mmoja.

Afisa wa serikali anayesoma haya huenda akasema kwamba hayo ni mambo ya starehe, na kwamba meza yake imejaa migogoro ya ardhi. Tunamwomba aifikirie upya migogoro hiyo. Viwanja vya wazi vinamegwa. Leo pembeni linajengwa banda, kesho ukuta, kesho kutwa mtu anatokea na karatasi na kudai kwamba hapo hapakuwa na uwanja tangu zamani. Wazee husimama kutoa ushahidi, nao huambiwa kwamba kumbukumbu zao zimechoka. Picha iliyopigwa na fundi cherehani mwaka 1985, yenye goli, na mwembe, na paa la shule nyuma yake, haichoki. Wilaya inayotunza picha za mechi zake imetunza pia ramani ya viwanja vyake, tena bila ya kulipa mpimaji.

Ndiyo maana tunaona kwamba kazi hii ni ya ofisi za wilaya, kule Rungwe na huku kwetu pia. Afisa Michezo na Afisa Utamaduni wa wilaya wanaweza, msimu huu, kuwaomba wapiga picha wa viwanjani walete nakala za picha zao, kumi tu kwa kila mechi, zikiwa na majina, uwanja na tarehe. Gharama yake ni diski mbili, moja ikae ofisini na nyingine mahali pengine, pamoja na daftari. Albamu za wazee zinakiliwe mbele yao na kurudishwa siku hiyo hiyo, maana watu wengi wamechoka kukopesha vitu ofisini visirudi. Nyaraka zetu pale Kilimani zinajua kazi ya kutunza, zipelekewe nakala.

Kuna mambo mawili ambayo hatutaki yasahauliwe. Kwanza, mpiga picha wa ridhaa asifukuzwe uwanjani wala kudaiwa kibali kana kwamba kamera ni silaha, na picha yake ikitumiwa jina lake liandikwe. Sheria ya hakimiliki ya Bara ya mwaka 1999 na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003 zinamtambua yeye kuwa mwenye kazi hiyo, sawasawa na mtunzi wa wimbo. Lakini tumeona mara nyingi picha za vijana zikipamba kalenda na matangazo, mwenyewe akiziona ukutani kama mpita njia. Pili, wachezaji wengi wa viwanja hivyo ni watoto. Mwalimu au mzazi aulizwe kabla, na picha ya mtoto aliyeumia au aliyechaniwa nguo isisambazwe kwa kicheko.

Timu za kata na shehia zitakapoingia uwanjani tena, kijana mwenye simu atakuwa amesimama pale pale pembeni, penye kivuli, kama kawaida. Tunaomba safari hii Afisa Michezo amfuate, amsalimie, na amwulize jina.