Skwadi ya Wasee Wanne, Kipande Kimoja: Sheria Zinazowatoa Mageima wa 46 Kabla Gemu Ianze

Ndio, hii ni stori ya gemu. Lakini pia ni stori ya ganji na kipande, kwa hivyo hata kama hujawahi shika pad maishani, kaa hapo kidogo.

Kuna mbogi ya maboy wanne hapa Kawa. Ukishuka mat stage ya 46 uulizie maboy wa PUBG, hata msee wa smokie atakuonyesha keja yao. Juzi walijiandikisha kwa tonamenti moja ya mtandaoni, jina sitaitaja, na wakatolewa kabla hata ndege iwaangushe kwa ramani. Hakuna mtu aliwachapa. Admini aliangalia fomu, akaona akaunti mbili zimewahi kuingia kupitia simu moja, akaandika mstari mmoja tu: timu nzima nje. Ukweli ni kwamba simu ya boy mmoja ilikuwa imelala kwa fundi wiki mbili, skrini imepasuka, so akawa anaomba ya beshte yake usiku. Huku mtaani hiyo tunaita kusaidiana. Kwa kitabu cha sheria inaitwa udanganyifu.

Sasa nikuulize. Taja geima wa Kenya unayemjua. Wengi watasema QueenArrow, yaani Sylvia Gathoni, dem aliyesomea sheria, ambaye 2018 alisainiwa na timu ya Marekani inaitwa XiT Woundz juu ya vile anacheza Tekken. Mwingine atasema Beast, Brian Diang'a, msee wa Kibera anayejulikana kwa Mortal Kombat. Sawa. Umeona wanafanana wapi? Zote mbili ni gemu za mmoja kwa mmoja. Hauhitaji mbogi. Unaingia kwa shop ya PS, unalipa ashu ama mbao, ukichapwa unasimama mwingine akae. Ukiwa moto, timu ya ng'ambo inakuchukua wewe peke yako, na hakuna mtu anakuuliza wenzako wako wapi.

Lakini gemu ambazo ghetto inacheza sana leo si za PS, ni za simu. Na nyingi ni za kikundi. PUBG Mobile na Free Fire skwadi ni ya wanne. Call of Duty: Mobile ni watano kwa watano. War Robots, ile ya maroboti makubwa ya chuma, ni sita kwa sita. Talanta iko, mimi nimeona boy wa Laini Saba akimaliza skwadi nzima na Tecno yenye kioo kimeshikwa na selotepu. Kwangu mimi shida haianzi kwa vidole. Inaanzia pale unaambiwa unda timu.

Wacha nianze na hayo maroboti, juu hapo ndo nilielewa hii kitu. Kuna gemu ya kompyuta inaitwa MechWarrior Online, imekuwa hewani tangu 2013. Wewe ni rubani, unaendesha roboti ya vita. Roboti nyepesi kabisa ni tani 20, nzito kabisa ni tani 100. Zimegawanywa madaraja manne: nyepesi, za wastani, nzito, na zile za kuvunja ukuta. Mechi ya kawaida ni 12 kwa 12, na hao 12 wamepangwa vikundi vitatu vya marubani wanne wanne. Unaona hiyo namba nne inarudi tena.

Sasa ligi zao hazikuachi ulete marubani wowote na machuma yoyote. Mara nyingi mwenye ligi anaweka kikomo cha tani, ama anasema timu iwe na kiasi fulani kutoka kila daraja. Ukijaza tani 100 kila mahali, umevunja sheria. Maana yake ni nini? Rubani wa roboti ndogo, yule kazi yake ni kukimbia mbele na kuchungulia adui, ana kazi kila siku. Hawawezi mtoa juu chuma yake ni ndogo. Sheria yenyewe imemwekea kiti.

Rudi kwa gemu zetu za simu. Sheria kama hiyo haiko. Timu ni wanne wa kuanza na mmoja ama wawili wa akiba, basi. Hakuna mtu anasema lazima mmoja awe na simu ya elfu kumi. So kapteni anafanya nini? Anaangalia nani simu yake hailegi, nani ako na waifai kejani, anachukua hao. Yule mkali mwenye simu mbovu anawekwa akiba, na akiba huku kwetu ni kumaanisha "tutakuita". Mwisho unapata skwadi imepangwa kulingana na simu, sio kulingana na mkono. Na usilaumu kapteni sana. Mashindano mengi makubwa ya PUBG Mobile yanataka simu tu. Ile programu ya kuchezea gemu ya simu kwa kompyuta haikubaliwi, kwa hivyo huwezi sema utaenda saiba ukomboe mashine.

Halafu umri. Mashindano rasmi ya PUBG Mobile kwa kawaida yanataka uwe umefikisha miaka 16. Sio mbaya, mimi pia sitaki mtoto wa darasa la sita akae macho hadi saa tisa usiku. Lakini kati ya 16 na 18 kuna shimo. Kenya kipande unapata ukiwa 18. Kabla ya hapo fomu inataka mzazi aweke sahihi. Sasa jaribu kumwambia mathe aliyeamka saa kumi kwenda kufulia watu Lavi asign karatasi ya "mashindano ya kimataifa ya simu". Atakuuliza homework iko wapi.

Na hapo kwa kipande ndo kuna noma zaidi. Laini ya simu inasajiliwa na kipande. M-Pesa inakaa kwa hiyo laini. Zawadi inatumwa kwa M-Pesa ya kapteni. Ukiunganisha hizo kamba tatu unapata jibu: kapteni wa skwadi nyingi za mtaani si yule anajua gemu, ni yule mkubwa mwenye kipande. Wengine hata hawachezi. Ni buda wa shop ya PS, ama msee wa movie shop, amewapea waifai na sehemu ya kuchaji, jina lake ndo liko juu ya fomu. Sijasema ni wezi. Wengi wametoa mfukoni kabla hata shilingi moja irudi. Lakini wakishinda soo tano, hakuna mahali imeandikwa zinagawanywa aje.

Kibera hii ya kipande ina kidonda chake. Familia za Wanubi zimekaa hapo zaidi ya miaka mia, na bado vijana wao wamekuwa wakipelekwa mbele ya kamati kupigwa msasa kabla wapewe kitambulisho, wanaambiwa walete karatasi za hadi babu. Kesi ya watoto wa Kinubi ilifika kwa kamati ya Afrika ya haki za watoto, na 2011 ikaamuliwa kwamba Kenya iliwakosea. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitangaza mwisho wa huo msasa. Poa. Lakini boy wa Makina aliyefika 18 miaka mitatu nyuma, hiyo ni misimu mitatu ya mashindano akiwa "wa akiba" kwa fomu na nambari moja kwa uwanja. Ukitaka kuchezea nchi ndo kabisa. Mashindano ya dunia ya shirikisho la kimataifa, ile Esports Kenya Federation ni mwanachama, yanachezwa kwa jina la taifa, so lazima uwe raia na uwe na pasi. Pasi inataka nini? Kipande.

Sasa tuje kwa swali ambalo mimi naona ndo kubwa. Timu ikifuzu, ile nafasi ni ya nani?

Watu wa 46 mnajua jibu la hii bila kusoma. Kitambo ungenunua mat, uibandike namba, upige kazi. Siku hizi huwezi. Sheria za NTSA za 2014 zinataka uwe ndani ya sacco ama kampuni yenye angalau gari 30. Chuma ni yako, mkopo ni wako, lakini njia ni ya sacco. Ukikosana nao, nganya yako inabaki imepaki ikipiga miziki peke yake. Sheria ya kuunda kikundi ilibadilisha nani ako na nguvu, na haikuhitaji kumnyang'anya mtu yeyote gari.

Kwa gemu ni vile vile, na dunia imegawanyika mara mbili. Upande mmoja kuna ligi za kununua kiti. Riot walipobadilisha ligi yao ya League of Legends kule Marekani Kaskazini kuanzia msimu wa 2018, bei ya kiti ilikuwa kuanzia dola milioni 10. Kiti ni cha kampuni. Wachezaji wanaingia na kutoka kama makanga. Upande mwingine kuna vile Valve walifanya miaka mingi kwa mashindano yao makubwa ya Counter-Strike: nafasi inafuata wachezaji. Wakibaki watatu kati ya watano, nafasi ni yao, hata wakihama mwenye timu wakabadilisha jina. Hiyo ya pili inampea mchezaji kauli. Mwenye timu akianza madharau, watatu wanasimama, wanaondoka na kiti.

Fikiria hiyo sheria ikiwa mtaani. Watatu kati ya wanne. Buda wa shop anaweza weka waifai, anaweza chukua sehemu yake ya ganji kama mlikubaliana, lakini hawezi waka asubuhi moja atoe maboy wote aweke binamu zake. Kwa ndondo za mtaani tumeona hiyo sinema. Nenda mashindano yoyote ya mwisho wa mwaka, utaona timu ya mtaa imejaa wachezaji wa ligi kuu waliokuja kwa mechi moja, na maboy waliobeba timu kutoka raundi ya kwanza wako nje ya kamba wakishikilia mabegi. Kwa soka angalau unaona kwa macho. Kwa simu unaamka tu unapata umetolewa kwa kundi la WhatsApp.

Najua kuna mtu anasema, "We unaongea mambo makubwa, hapa tunashindania soo mbili." Kweli. Lakini kule mbele ganji si mchezo. Esports World Cup ya Riyadh 2025 ilikuwa na zawadi zaidi ya dola milioni 70, na fungu moja nene limewekewa vilabu, sio mtu binafsi. Pesa ikikuja kwa njia ya kilabu, yule jina lake liko juu ya fomu ndo anaguswa kwanza. Tabia mnayojifunza na soo mbili ndo mtaenda nayo huko.

Wenye kuandaa tonamenti hapa Nairobi pia waguswe kidogo. Akaunti mbili kwa simu moja inaweza kuwa mwizi, na inaweza kuwa fundi hajamaliza kazi. Admini anaweza kupiga simu ya video dakika mbili, awaone wote wanne na simu nne, amalize. Mzazi asiyesoma Kizungu apewe fomu ya Kiswahili. Na zawadi igawanywe moja kwa moja mara nne, kila mtu kwa namba yake ama ya mzazi wake. M-Pesa inaweza, tunaitumia kununua hadi sukuma wiki.

Ile mbogi ya 46 nilirudi kuwaona Jumapili. Walikuwa wamekasirika bado, lakini wameng'oa karatasi katikati ya kitabu cha mazoezi na kuandika mambo yao. Ganji inagawanywa sawa, mwenye waifai anapata sehemu ya tano. Nafasi ni ya watatu kati ya wanne. Simu ikiharibika, wote wanachanga kwa fundi, na mwenye simu hatolewi mpaka mwezi uishe. Waligombana nusu saa juu ya hiyo ya mwisho, juu mmoja aliona yeye ndo atakuwa analipia wengine kila siku. Mwishowe akakubali ila akaongeza: skrini tu, sio betri.

Sahihi ziko tatu. Ya nne ni ya mathe wa yule mdogo, ambaye juzi amefikisha 16. Mathe anauza chapo mpaka saa tatu usiku, na amesema atasoma hiyo karatasi akimaliza kuuza.