Tusiidharau breki ya mkono

Yeyote aliyekaa Nakuru muda wa kutosha hahitaji kuambiwa kwamba mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, umelala kwenye mteremko. Kutoka ukingo wa Kreta ya Menengai hadi kwenye maji ya Ziwa Nakuru ni mshuko wa meta 500 hivi, na sisi tumejenga nyumba, makanisa, shule na masoko hapo katikati. Maji yakimwagika mlangoni mwa nyumba ya Milimani hayaulizi njia. Yanajua waziwazi kwamba ziwa liko chini. Ajabu ni kwamba madereva wengi wa mji huu huegesha magari yao kana kwamba wako kwenye uwanda wa Garissa.

Nasema hivi nikiwa mmoja wa wakosaji. Mwaka jana nilialikwa katika boma moja lililo kwenye miinuko ya chini ya Menengai, nyumba ya msiba. Nilifika nimechelewa, nikasimamisha gari mbele ya lango likiwa limeelekea juu, nikausukuma mkono wa gia kuelekea herufi P, nikatoka nje kufungua lango huku injini ikinguruma. Breki ya mkono sikuigusa. Kwa hakika, sikumbuki kama nilikuwa nimeigusa mwezi mzima uliotangulia. Nilikuwa bado nimeshika komeo la lango niliposikia changarawe ikilia nyuma yangu. Gari lilikuwa likirudi kinyumenyume, pole pole kwanza, kisha si pole pole tena. Lilivuka njia na kugonga uzio wa miti, na katikati ya safari hiyo likaponda jiko la makaa la mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi.

Jiko nililipa siku hiyo hiyo. Mama hakugombana nami. Aliniambia tu, "Mzee, mtoto alikuwa ameketi hapo. Nimemtuma maji sasa hivi." Nikamwambia, "Nisamehe, mama," na sikuwa na neno jingine la kuongeza. Mtoto alirudi na mtungi wake akakuta gari langu mahali pake.

Tangu siku hiyo nimefanya utafiti wa mtu mwenye hatia. Nimeketi na mafundi, nimesoma vijitabu vya magari ambavyo wengi wetu huviacha kwenye kisanduku cha mbele bila kuvifungua. Niliyoyapata yanastahili kusemwa hadharani, maana magari ya gia za otomatiki, ambayo zamani yalikuwa ya wachache, sasa ndiyo mengi kati ya yale yaliyotumika yanayotufikia kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa.

Jambo la kwanza: ile P tunayoitumainia si breki. Haigusi gurudumu hata moja. Ndani ya sanduku la gia mna gurudumu la meno, na karibu nalo mna kidole kidogo cha chuma. Mkono wa gia unapofika kwenye P, kidole hicho huingia katikati ya meno mawili na kuufunga mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. Basi ndivyo ilivyo. Gari la tani moja na nusu, pamoja na abiria na magunia ya viazi kutoka Molo, linaning'inia kwenye kipande cha chuma ambacho ungeweza kukificha kiganjani. Ule mshindo unaousikia unapotoa gia kwenye P baada ya kuegesha mlimani ni kidole hicho kinachojinasua kutoka kwenye mzigo ambao hakikuundwa kuubeba peke yake kila siku. Tena mkono wa gia usipofika barabara kwenye P, ukasimama katikati ya P na R, kidole huenda kisiingie kabisa. Injini ikiwa inanguruma, mtikisiko mdogo hutosha kuuteremsha kwenye R. Hapo gari haliporomoki tu. Linaendeshwa kurudi nyuma na injini yake lenyewe. Nadhani hilo ndilo lililonipata.

Wala si ugonjwa wa Nakuru. Kampuni ya General Motors ilipoleta sanduku la gia la Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, hapakuwa na P hata kidogo. Mwenye gari alizima injini, akatia gia ya kurudi nyuma, na breki ya mkono ikafanya kazi yake. P ilikuja baadaye, ikatufanya wavivu. Katika miaka ya 1970 malalamiko yalizidi nchini Marekani kuhusu magari ya Ford yaliyodaiwa kutoka kwenye P na kurudi nyuma yenyewe. Mwaka 1980 kampuni hiyo na serikali ya nchi hiyo walikubaliana kwamba wenye magari wapatao milioni 23 wapelekewe kibandiko cha kubandika mbele ya usukani. Kibandiko hicho kilikuwa na ujumbe mfupi: hakikisha gia imeingia kwenye P, vuta breki ya mkono hadi mwisho, zima injini. Miaka 36 baadaye, tarehe 19 Juni 2016, mwigizaji wa filamu Anton Yelchin aliuawa na gari lake mwenyewe aina ya Jeep lililoporomoka kwenye njia ya nyumbani kwake huko Los Angeles na kumbana ukutani. Magari ya namna hiyo yalikuwa yametangazwa kurejeshwa kwa marekebisho miezi michache tu kabla, kwa sababu mkono wake wa gia uliwakanganya madereva wasijue kama wameegesha au la.

Hapa kwetu tumezoea kuandika juu ya breki pale tu malori yanapohusika, na sina lawama kwa hilo. Hakuna aliyesahau Salgaa, wala madereva waliokuwa wakitia nyutro kutoka Mau Summit ili kuokoa mafuta, wala makutano ya Londiani ambako lori lililokosa kudhibitiwa liliwaua watu 52 tarehe 30 Juni 2023, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliosimama kando ya barabara. Lakini gari dogo lililosimama halimtishi mtu. Na hata hivyo tarehe 29 Septemba 2019, pale Likoni, nchi nzima ilitazama picha za gari dogo likiteleza kinyumenyume kutoka kwenye kivuko na kuzama baharini likiwa na mama na bintiye. Simtaji marehemu ili kumhukumu. Nataja tu kwamba gari likianza kurudi nyuma, muda wa kufikiri huwa umekwisha.

Basi dereva afanyeje? Asimamishe gari kwa breki ya mguu na aendelee kuikanyaga. Atie gia kwenye N. Avute breki ya mkono barabara, kisha aulegeze mguu kidogo kidogo mpaka ahisi gari limetulia na uzito wake umebebwa na breki hiyo. Akisharidhika, akanyage tena, atie P, ndipo azime injini. Kwa njia hii kidole kile cha chuma kinabaki kuwa mlinzi wa akiba wala si mchukuzi. Wakati wa kuondoka ni kinyume chake: mguu kwenye breki, injini iwashwe, gia iingizwe, na breki ya mkono ifunguliwe mwisho. Kazi yote hii haimalizi hata sekunde kumi. Anayeegesha akielekea chini na ageuze magurudumu ya mbele kuelekea ukingo wa barabara. Anayeelekea juu penye ukingo wa saruji ayageuze upande wa barabara, ili gari likirudi nyuma lizuiwe na ukingo.

Wapo watakaosema kwamba wao huvuta breki ya mkono na hiyo yatosha. Haitoshi. Chukua mfano wa msafiri aliyeteremka ile barabara ya Mai Mahiu, ambayo wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakanyaga breki njia nzima badala ya kutumia gia ndogo. Anasimama kando kuutazama Mlima Longonot na kuuliza bei ya ngozi za kondoo. Sahani za breki zake zina moto wa kukaanga samaki. Anavuta mkono mara mbili tatu, gari linasimama, anakwenda kupiga picha. Sahani zinapoendelea kupoa, chuma kinanywea, na breki iliyokuwa imebana inalegea. Ndiyo maana vitu hivi viwili, P na breki ya mkono, vikawekwa pamoja. Kimoja kikishindwa kingine kinabaki.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka fundi mmoja mzee wa upande wa viwandani aliponionyesha kwa vitendo. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama yalivyo mengi ya madogo tunayoagiza, likiwa kwenye P limefungwa kwa magurudumu hayo ya mbele tu. Inua moja kwa jeki ili ubadilishe tairi, nalo lililo juu linakuwa huru kuzunguka, na kwa sababu ya jinsi mhimili ulivyogawanywa, lile la pili lililo chini linakuwa huru pia. P haishiki tena kitu chochote. Gari linatoka kwenye jeki na kumwangukia aliyeinama. Breki ya mkono, ambayo kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma kwa waya, ndiyo pekee iliyobaki kati ya mtu huyo na kaburi. Ni wangapi huivuta kabla ya kupiga jeki kando ya barabara kule Gilgil au kwenye miteremko ya Subukia?

Utaniambia tuna mawe. Naam, mawe tunayo, na jiwe chini ya gurudumu ni tahadhari nzuri sana, ya zamani na isiyo na gharama. Ila mwenye kuliweka hulisahau. Gari likiondoka jiwe linabaki katikati ya lami likimngojea mwenye pikipiki usiku. Nimehesabu manne kati ya kituo kimoja cha matatu na kingine, na sikuwa natafuta.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni huo mkono wa breki, na tumeuacha mpaka umeota kutu. Hili si fumbo. Waya usiovutwa kwa miezi hukwama kwa vumbi na unyevu, kisha siku unapouhitaji haushiki, au unashika na kukataa kuachia. Mafundi wananiambia magari huletwa kwao mkono ukipanda hadi juu kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu, na hakuna kinachobana. Mwenye gari hutaka mafuta yabadilishwe na taa itengenezwe. Juu ya breki hiyo hujibu, "Hiyo iache, huwa siitumii."

Lawama nyingine naielekeza kwenye mafunzo yetu. Shule za udereva hufundisha breki ya mkono kwa ajili ya kuanza safari mlimani katika gari la gia za kawaida. Mwanafunzi hutetemeka, gari huzimika mara tatu, mwishowe huweza. Akipata leseni hununua gari la otomatiki lisilozimika, na kila alichojifunza kuhusu mkono huo hukitupa, maana aliambiwa ni chombo cha kuondokea, hakuambiwa ni chombo cha kukaa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ingewatendea mema raia kama watahini wake wangemtaka kila mtahiniwa aegeshe gari la otomatiki kwenye mteremko, atoke, afunge mlango, asimame kando yake kwa dakika moja. Hapa Nakuru hatuna uhaba wa miteremko ya kufanyia mtihani huo. Na ukaguzi wa magari usiishie kwenye taa na matairi. Mkaguzi avute mkono ule, aone kama gari linakaa.

Mimi sasa nina mazoea ambayo familia yangu huyacheka. Nikisimama, hata kwenye uwanja ulio sawa kama meza, nafuata hatua zote, kisha naketi kidogo bila kushuka nikisikiliza changarawe. Mwezi uliopita nilirudi kwenye boma lile la msiba kwa ajili ya ukumbusho. Mama wa mahindi bado yupo, na jiko lake jipya lina moto mzuri. Amelihamishia upande wa juu wa lango.