Mkataba wa majanga ya magonjwa ufike Kivaa kabla ya Bunge

Na Mwende Kioko

Bunge la Kenya lisiidhinishe mkataba mpya wa dunia kuhusu majanga ya magonjwa kabla wananchi wa Kivaa, kule Masinga, hawajaulizwa maoni yao.

Mkataba huo ulipitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025, baada ya kuidhinishwa kwenye kamati siku iliyotangulia kwa kura 124. Nchi 11 hazikupiga kura upande wowote, na hakuna iliyopinga. Unalenga kampuni zitakazojiunga na mpango wake zilitengee Shirika la Afya Duniani (WHO) asilimia 20 ya chanjo na dawa zinazotengenezwa wakati wa janga, angalau nusu yake bila malipo. Nchi nazo zitoe sampuli za viini vya ugonjwa. Utekelezaji wa mpango huo umeachiwa kiambatisho, na kabla hakijapitishwa mkataba hautiwi saini.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Mwaka 2020, watu wa Kilifi walijitolea kufanyiwa majaribio ya chanjo ya UVIKO-19 ya Oxford na AstraZeneca. Chanjo ilipopatikana, mataifa tajiri yalikuwa yameshajiwekea akiba. Kenya ilipokea shehena ya kwanza ya mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX, dozi milioni 1.02, tarehe 3 Machi 2021. Zilitoka India, na maambukizi yalipochacha huko, mauzo ya nje yakazuiwa. Wazee wetu waliodungwa sindano ya kwanza wakaambiwa ile ya pili, waliyoahidiwa baada ya wiki 8, wangoje hadi wiki 12.

Aliyehodhi chanjo hakuvunja sheria, kwa kuwa sheria yenyewe haikuwepo. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zilitubana turipoti tishio la ugonjwa ndani ya saa 24. Suala la kugawana chanjo zikaliacha kwa hisani, na hisani haidaiwi mahakamani.

Kwa Katiba yetu, kifungu cha 2(6), mkataba ulioridhiwa ni sheria ya Kenya. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu mikataba inalitaka Bunge kushirikisha umma kwanza. Ushirikishaji huo usiishie kwenye hoteli za Nairobi. Uje kwenye baraza la chifu, kwa Kiswahili na Kikamba.

Siku hiyo ikifika, watu wa Kivaa, msipige makofi kabla hamjajibiwa haya: chanjo itatufikia lini, kwa bei gani, na atakayeihodhi atachukuliwa hatua gani? Majibu yakikosekana, mwambieni mbunge wenu apige kura ya la.